Daktari wa meno na aulize: Unalalaje?

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita, katika ukurasa wenu wa vichekesho, mlichapisha kisa cha mume anayekoroma na mke anayemrushia mito usiku kucha. Nilicheka vizuri tu mpaka aya ya tatu. Aya ya nne mwandishi akasema kwamba anayekoroma amelala usingizi wa pono, usingizi wa mtu asiye na deni wala mawazo. Hapo nikalikunja gazeti nikatafuta kalamu.

Mimi ni fundi seremala, nina miaka 54. Nimekoroma kwa miaka isiyopungua 15, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kulala usingizi wa pono hata usiku mmoja. Ushahidi ninao mdomoni: magego mawili yaliyovikwa kofia ngumu na daktari, moja lililong'olewa, na chonge za juu zilizosawazishwa kama zimepigwa randa. Ndiyo maana barua hii, ingawa imechochewa na utani wenu, naielekeza zaidi kwa madaktari wa meno na kwa wagonjwa wao. Ni ndefu. Mkilazimika kuikata, kateni utani wangu, mniachie habari ya meno na ya pumzi zinazokatika usingizini.

Mambo yalianza miaka 6 iliyopita. Niliamka asubuhi nikahisi kitu kama chembe ya mchanga juu ya ulimi. Kilikuwa kipande cha gego la chini, upande wa kulia. Halikuwa limeoza, wala sikuwa nimelitafunia kitu kigumu. Lilivunjika nikiwa nimelala, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aulize swali. Daktari wa kwanza aliuliza, ila swali lake lilikuwa jingine.

"Fundi, unashika misumari kwa meno?"

Nikakiri. Aliyewahi kupigilia dari anaelewa: mkono mmoja una nyundo, wa pili unashikilia ubao, misumari utaiweka wapi kama si mdomoni? Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyemnasa mwizi, akaziba jino, tukaagana. Nikashona mfuko wa misumari kwenye aproni yangu, na tangu siku ile sijaweka msumari mdomoni. Baada ya miezi 4 ile zibo ikatoka. Ikazibwa tena, ikatoka tena. Nikawekewa kofia, nayo haikumaliza mwaka, ikapasuka katikati. Kisha likafuata jino la juu linalokutana na lile. Kila nilipokwenda nilieleza kwamba misumari nimeacha, na kila mara nilitazamwa kama mtoto anayesema hakugusa sukari huku midomo inang'aa.

Daktari wa pili alikuja na nadharia nyingine. Alisema meno yangu hayakutani sawasawa, ndiyo maana yanasagana usiku, kwa hiyo anahitaji kuyachonga kidogo kidogo mpaka yapatane. Hapa nilipaswa kukataa, maana jambo hilo nalijua kwa kazi yangu. Meza ikiyumba, mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hukimbilia msumeno. Anakata mguu huu, meza inayumbia kule, anakata na ule, na jioni unamkuta ana kigoda. Fundi anayejua kazi huanza kwa kutazama sakafu. Nilimruhusu achonge meno mawili kabla sijapata wasiwasi. Enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, ikishaondoka haioti tena, kwa hiyo yale mawili yatabaki hivyo mpaka nitakapozikwa nayo. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba dhana hiyo ni ya zamani. Wataalamu wa leo wanaona chanzo cha kusaga meno usingizini kiko zaidi kwenye ubongo na mishtuko yake ya usiku kuliko kwenye mpangilio wa meno, na kuchonga meno mazima kwa ajili hiyo hakupendekezwi.

Daktari huyo huyo alinitengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku kwenye meno ya juu. Nitakuwa mkweli: kinga ya namna hii ina kazi yake. Meno yanasaga plastiki badala ya kusagana yenyewe, na plastiki hununuliwa upya. Ila haimzuii mtu kusaga. Mimi niliitoboa kwa miezi 5. Halafu mke wangu akaniambia kwamba tangu nianze kuivaa, kukoroma kumezidi. Nilimjibu kwamba sasa anaionea hata plastiki. Kumbe hakuionea. Kwa baadhi ya watu ambao pumzi zao hukatika usingizini, kinga ya kawaida ya juu inaweza kuzidisha tatizo, ndiyo maana inafaa mtu aulizwe habari za pumzi kabla ya kupewa kinga. Mimi sikuulizwa.

Katika kipindi hicho chote mwili wangu ulikuwa unapiga kelele na kila kelele ilipewa jina lake. Kuamka nimechoka kuliko nilivyolala: umri. Kichwa kuuma pande zote mbili za paji kila asubuhi: miwani. Mdomo mkavu kama nimelamba vumbi la msumeno: sinywi maji ya kutosha. Kwenda haja ndogo mara 3 kwa usiku: umri tena. Shinikizo la damu lililokataa kushuka mpaka nikaongezewa dawa ya pili: chumvi. Kusinzia mchana: uvivu, na hili nilijipa mwenyewe.

Nilipata kusinzia nimesimama, mikono juu ya ubao, msumeno wa mviringo unazunguka mbele yangu. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyezima swichi. Hakusema kitu. Siku ya pili yake nikaona ameusogeza msumeno karibu na meza yake, akawa anakata mbao zote yeye, na mimi nikajifanya sijaona.

Aliyekuwa na habari kamili alikuwa mke wangu, na hakuna aliyemuuliza. Yeye alinieleza mara nyingi, nami nilidhani analalamika. Maneno yake ni haya: "Unakoroma, halafu unanyamaza. Naanza kuhesabu. Nikifika 20, 25, unashtuka kama mtu anayeibuka majini, unavuta pumzi, halafu meno yanalia." Alikuwa anahesabu, Mhariri. Mwanamke aliyefanya kazi mchana kutwa anakesha gizani anahesabu ukimya wa mume wake. Mkiandika tena juu ya mke anayerusha mito, mjue huenda anarusha ili mtu avute pumzi.

Kwa nini sikuyapeleka maneno hayo kwa daktari wa meno? Kwa sababu sikuona yanahusiana nini. Ukienda kwa fundi viatu humwelezi habari za sikio lako. Nami nasema hilo ndilo kosa tunalolifanya pande zote mbili za kile kiti. Mgonjwa haelezi kwa kuwa hajui, na daktari hajui kwa kuwa hakuulizi.

Wa tatu alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa pili. Nilikwenda kwake kwa ajili ya kofia iliyopasuka. Akaniamkia, nikaitikia, nikafungua mdomo. Alitazama kwa muda mrefu bila kugusa chombo chochote, halafu akaniambia nifunge. "Mzee wangu, chumbani unalala na nani?"

Nilikasirika kidogo. Nikamjibu kwamba nalala na mke wangu wa ndoa, na kwamba nimekuja kwa ajili ya jino. Akacheka, akasema jino ameliona, sasa anatafuta kinacholivunja, na mtu anayelala karibu nami ndiye shahidi wake. Tukampigia mke wangu simu palepale. Wakazungumza dakika 10 kana kwamba wanajuana tangu utotoni, mimi nikiwa nimelala kwenye kiti na kitambaa kifuani.

Kisha akanionyesha kwa kioo mambo ambayo nimeishi nayo bila kuyaona. Kingo za ulimi wangu zilikuwa na mawimbi, alama za meno, kama ukingo wa msumeno uliochakaa, ishara kwamba ulimi unasukumwa kwenye meno. Ndani ya mashavu kulikuwa na mstari mweupe mahali meno yanapokutana. Chonge zilikuwa bapa. Akanishika pembe za taya, akaniambia nikaze meno, misuli ikatoka nje kama ngumi. Misuli hiyo ilikuwa imefanya mazoezi kila usiku kwa miaka. Akaniambia nitoe ulimi bila kusema "aaa", akatazama koo. Kuna ngazi 4 za kupima hili, zilizopewa jina la Mallampati, daktari wa nusukaputi aliyeandika mwaka 1985 habari za ngazi 3 za kwanza, ya 4 ikaongezwa na wengine baadaye. Ngazi ya 1 unaona kimio chote na nyuma yake. Ngazi ya 4 huoni hata kimio, ni ulimi na kaakaa gumu tu. Mimi nilikuwa wa 4.

Akataka kunipima shingo, akakosa futi. Nikatoa yangu mfukoni. Futi ya chuma haizunguki shingo vizuri, kila fundi anajua, kwa hiyo nikamwonyesha tunavyopima nguzo ya duara: chukua uzi, zungusha, kisha unyooshe juu ya futi. Sentimita 44. Akasema dodoso moja linalotumika sana duniani, STOP-Bang, lililochapishwa mwaka 2008, liliweka alama ya hatari kwenye shingo inayozidi 40. Lina maswali 8 tu: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana umekatika pumzi, shinikizo la damu, uzito, umri zaidi ya 50, shingo, na kama wewe ni mwanaume. Nilipata 7. Maswali 8 hayamalizi dakika 3. Nimewahi kungoja ganzi ishike kwa muda mrefu kuliko huo.

Kisha akanipa kipimo cha Epworth, alichokitunga daktari Murray Johns wa Australia mwaka 1991. Unaulizwa uwezekano wa kusinzia katika hali 8, kama vile ukiwa umekaa unasoma, unatazama televisheni, au ndani ya gari lililosimama kwenye msongamano, na kila hali unaipa alama kuanzia 0 hadi 3. Zaidi ya 10 kati ya 24 ni usingizi wa mchana uliopita kiasi. Nilipata 17. Hakuna swali la kusimama mbele ya msumeno, nikamwambia waliongeze.

Sasa nieleze kinachotokea, kwa kadiri nilivyofundishwa. Njia ya hewa nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishikilia. Ni bomba laini linaloshikwa wazi na misuli. Ukilala misuli inalegea. Ulimi unarudi nyuma, kaakaa laini na kimio vinaning'inia, hewa inapita kwa shida na nyama zinatetema. Huko ndiko kukoroma. Bomba likijifunga kabisa, hewa haipiti hata kifua kikijitahidi, na ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, wataalamu huhesabu hiyo ni apnia moja. Oksijeni inashuka, ubongo unashtuka, unakuamsha kiasi cha kufungua koo lakini si kiasi cha kukumbuka asubuhi. Unalala tena, linajifunga tena. Wanahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kupungua sana: kuanzia 5 ni hali nyepesi, kuanzia 15 ni ya kati, kuanzia 30 ni kali. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2019 yalisema watu wazima wa miaka 30 hadi 69 wenye tatizo hili duniani wanakaribia bilioni 1, na wengi wao hawajijui. Nao moyo unalipa: shinikizo la damu, mapigo yasiyo na mpangilio, kiharusi. Na barabara inalipa pia, dereva akisinzia.

Meno yanaingiaje? Kwa watu kama mimi, kusaga huja pamoja na ile mishtuko. Lakini binti yule alinisisitizia, nami nasisitiza kwenu, kwamba kusaga meno si ushahidi wa kukatika pumzi. Watu wazima wapatao 8 kati ya 100 husema wanasaga meno usingizini, na wengi wao koo zao hazina kasoro. Wengine husaga kwa msongo, kwa sigara, kwa pombe, kwa kahawa ya jioni, au kwa sababu ya baadhi ya dawa za mfadhaiko (anayezitumia asiziache peke yake, azungumze na aliyemwandikia). Na wapo wanaokatika pumzi usiku kucha meno yao yakabaki mazuri. Kwa hiyo daktari wa meno anaweza kushuku, hawezi kuhukumu. Mwenyewe aliniambia: "Mimi naona moshi. Anayethibitisha moto ni daktari wa usingizi, baada ya kipimo." Akaniandikia barua, na kofia yangu akakataa kuitengeneza upya mpaka majibu yatoke. Akaweka ya muda.

Kipimo nilifanyia nyumbani: mkanda kifuani, kibomba kidogo puani, kibanio kidoleni. Nilionekana kama redio inayotengenezwa. Majibu: mara 22 kwa saa, na oksijeni iliwahi kushuka hadi asilimia 81. Nilimsomea mke wangu. Akasema, "Mimi nilikuwa nakuambia bila mashine."

Matibabu ya kwanza niliyopewa yalikuwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge, ile iliyobuniwa na Colin Sullivan na wenzake Australia na kutangazwa mwaka 1981. Sitaki mtu aisome barua hii akaitupa ya kwake. Ndiyo tiba yenye nguvu zaidi, hasa kwa hali kali, na namjua mtu ambaye usiku wa kwanza tu aliamka akadhani amezaliwa upya. Mimi ilinishinda. Tulibadilisha barakoa mara 3, nikaongezewa kifaa cha kulainisha hewa, na bado kila alfajiri niliikuta sakafuni, nimeivua usingizini. Miezi 2 nilijaribu kweli.

Hapo ndipo daktari wa meno alipoingia tena, safari hii kama mtibabu. Kuna kifaa cha mdomoni chenye sehemu mbili, ya meno ya juu na ya meno ya chini, zilizounganishwa namna kwamba taya la chini linavutwa mbele kidogo. Taya likija mbele, ulimi unakuja nalo, nyuma panapata nafasi. Wazo si geni: Pierre Robin, mtaalamu wa kinywa Mfaransa, alitumia vifaa vya kuvuta taya mbele kwa watoto wenye taya dogo karne moja hivi iliyopita. Mwaka 2015 vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa usingizi na cha madaktari wa meno wa usingizi, vilitoa mwongozo wa pamoja kwamba mtu mzima mwenye apnia aliyeshindwa mashine, au asiyeitaka, aandikiwe kifaa hiki kuliko kuachwa bila tiba, na kitengenezwe kwa vipimo vya mdomo wake na daktari wa meno anayejua kazi hiyo.

Si cha kila mtu. Kinahitaji meno ya kutosha na imara ya kujishikiza, ufizi usio na ugonjwa, na bawaba za taya zisizouma. Ufizi wangu ulitibiwa kwanza kwa wiki 6. Hakiwekwi pia mara moja kwenye nafasi ya mwisho. Taya husogezwa mbele kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Changu kina skrubu pembeni na kifunguo chake, na nakiri kwamba kazi hiyo niliipenda. Mke wangu alikuwa anaandika ukutani kwa penseli: leo amekoroma, leo kidogo, leo kimya. Usiku wa kwanza wa kimya hakulala. Aliweka mkono kifuani mwangu kuhakikisha bado nipo.

Kina kero zake. Wiki za mwanzo mate yalijaa mto, kisha mdomo ukakauka. Asubuhi meno hayakutani vizuri kwa nusu saa hivi, kwa hiyo nina kijiti laini cha kung'ata mpaka taya lirudi mahali pake. Katika muda wa miaka meno yenyewe yanaweza kuhama kidogo, na usipokwenda kuangaliwa hutajua mpaka yamehama. Na jambo ambalo nisingelifikiria: kimya si ushahidi wa kupona. Mtu anaweza kuacha kukoroma huku pumzi bado zinakatika. Nilirudishwa kwenye kipimo nikiwa nimevaa kifaa. Kutoka 22 nikakuta 7. Si sifuri, lakini kichwa hakiumi, naamka mara moja usiku, na Epworth yangu imeshuka hadi 6. Ninalala ubavu, nimepunguza kilo 9, na pombe ya jioni nimeiacha, kwani inalegeza koo. Kofia mpya ya gego ina mwaka na nusu sasa. Haina hata ufa.

Niongeze jambo moja ambalo nadhani ni kubwa kuliko nafasi ninayolitengea. Ukiwa na tatizo hili, mwambie daktari wa meno kabla hujang'olewa jino, hasa akitaka kukupa dawa ya kukutuliza au kukusinzisha, au vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya afyuni. Ganzi ya kawaida ya sindano si tatizo. Lakini dawa za kusinzisha hulegeza lile bomba laini kama usingizi unavyolilegeza, na zaidi. Gego langu moja liling'olewa kabla sijajijua. Nilipewa ya kutuliza, kiti kikalazwa chali, na ninakumbuka msaidizi akinitikisa bega na kuniita jina kwa sauti kubwa. Waliniambia nilikuwa "nimelala sana".

Mke wangu ameingia na kusimama nyuma yangu, anataka niandike habari ya wanawake. Ni kweli: mwandishi wenu ameligeuza hili kuwa ugonjwa wa waume. Hatari kwa wanawake hupanda baada ya kukoma hedhi, na mara nyingi wao hawaji na kukoroma bali na uchovu, kukosa usingizi na kuumwa kichwa, wakaambiwa ni mawazo. Anataka pia nitaje watoto. Mtoto kusaga meno ni jambo la kawaida na wengi huacha wenyewe, lakini anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, na mchana hatulii darasani, apelekwe akaangaliwe mafindofindo na nyama za nyuma ya pua kabla hajaitwa mtukutu.

Sasa ombi langu, Mhariri. Kila ninapoingia kwa daktari wa meno hupewa fomu. Inauliza kama nina kisukari, kama nina mzio wa dawa, kama navuta sigara. Fomu zote nilizojaza katika miaka 6 hiyo hazikuwa na mstari wa usingizi. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2017 kinachowahimiza wanachama wake wawachunguze wagonjwa kwa dalili za matatizo ya pumzi usingizini na kuwapeleka kwa daktari anayehusika. Hilo halihitaji mashine wala jengo jipya. Linahitaji mistari mitatu kwenye karatasi: Unakoroma? Kuna aliyekuona umekatika pumzi? Unaamka umechoka? Mtu akijibu ndiyo, aulizwe anayelala chumba kimoja naye. Asiye na wa kulala naye aweke simu irekodi.

Na msomaji ambaye zibo zake zinatoka kila baada ya miezi michache asingoje fomu ibadilike. Aseme mwenyewe akiwa bado amekaa, kabla kiti hakijalazwa na mdomo haujajaa pamba.

Mkiona barua hii inafaa, naomba isiwekwe kwenye ukurasa wa vichekesho.

Msomaji wenu,
Fundi seremala mwenye chonge fupi